Mkate wa Nusrat

Tangu basi litoke Samarkandi, mjane Zulhumor aliomba barabara iishe upesi. Kando yake mama mkwe, Oysara, alipakata mkate mkavu ulioumwa pembeni. Tangu mazishi alikuwa haendi popote bila mkate huo.

Mzee wa kiti cha mbele akageuka bila kuulizwa. "Dada, huo hata punda ataukataa."

"Koma! Mwanangu Nusrat aliung'ata siku anakwenda jeshini, tukautundika ukutani aje aumalize. Fundi wa matrekta, hata kuku hakuweza kumchinja. Wakampa bunduki, wakamtembeza milima ya Afghanistani kwa miguu. Wameniletea jeneza la bati, limechomelewa. Hata uso sikuonyeshwa."

"Pole, dada. Mimi niliumaliza wangu niliporudi vita vya Wajerumani, nusura univunje jino. Lakini wa marehemu hautunzwi. Wape ndege, umwache apumzike."

"Ndege wale alama za mwanangu? Mzee, una wazimu!"

"Mkate ni mkate tu."

"Mkate tu? Tazama hapa. Hata jino lake lililopinda linaonekana!"

Mkate wa Nusrat uliliwa na panya majira ya baridi, Zulhumor akiwa na zamu ya kufagia. Kwa hofu akaoka mwingine, akaung'ata, akautundika palepale. Jino lililopinda lilikuwa lake.

"Mwambie huyu, mwanangu," Oysara akamgeukia, "haya si meno ya mumeo?"

Zulhumor akatikisa kichwa kuafiki, mdomo ameubana, mpaka basi likasimama.