Kitu Alichoshika Mtakatifu Eufranio

Benchi la mawe nje ya baa ya Assunta halina mwenyewe, ila jaribu kukaa upande wa kushoto asubuhi uone kama Redio hatakuhamisha kwa maneno. Jina lake Gerardo, lakini akishawaka hazimiki. Kando yake hukaa Mwajentina, aliyepasua mawe ng'ambo enzi za ujana akarudi na kofia pana na uongo usiokwisha, halafu Askofu, aliyefukuzwa seminari kwa kuvuta sigara nyuma ya altare. Alhamisi hiyo walikuwa wamebanana, maana Canio mchongaji alikuja na kitabu cha historia ya Kanisa, cha kale, cha picha, kizito kama mwanakondoo, akakifungua mapajani. Canio hakuwa amepata usingizi. Sanamu ya Mtakatifu Eufranio ilikuwa karakanani kwake, kitu ilichoshika mkononi kilikuwa unga sakafuni, na maandamano ya sikukuu yake ni Jumapili.

— Hebu rudia, fundi, — Askofu alisema. — Umekigusa tu kikaanguka?

— Sijakigusa! Nimetoa rozari na riboni zilizomjaa mkononi, nashtukia unga. Wadudu wamekimaliza ndani kwa ndani.

— Na kilikuwa kitu gani?

— Ningejua ningekuwa nimekaa hapa na nyinyi?

Hilo hakuna aliyelibisha. Tangu wazaliwe, mkono ule wanauona umefunikwa na rozari na riboni za shukrani za waliopona. Don Prospero, padre wao, ni mtu wa kuja, hajui lolote. Alichoweza ni kumwazima Canio kitabu na kumwambia anawe mikono kwanza.

Canio alifunua kurasa polepole. Papa juu ya nyumbu. Simba akimlamba shahidi miguu. Maaskofu wamejaa ukumbini kwenye mtaguso.

— Hawa wote baba mmoja? — Redio aliuliza. — Mbona pua ile ile?

— Mchoraji alichoka, — Mwajentina alisema. — Hata mimi ningechoka.

— Ondoa kidole chako, mzee, kina sukari! — Canio alimfokea.

Mwishowe wakamfikia Eufranio wao. Picha safi, ungeweza kuhesabu ndevu za mbuzi aliyelala miguuni pake. Ila mkono wa kulia haukuwapo. Palikuwa na doa jeupe, laini, linalong'aa kidogo. Kila mkesha wa sikukuu kitabu hiki huwekwa mbele ya altare, ukurasa huu huu, na mji mzima hupanga foleni kuubusu mkono wa mtakatifu. Midomo ya bibi na mabibi zao ilikuwa imeula wino wote.

— Tumekwisha, — Canio alisema.

— Tumekwisha nini? Alishika jiwe, — Redio alisema. — Mimi nilimwomba mawe ya figo yatoke, yakatoka. Atatoaje jiwe mtu asiyejua jiwe?

— Acha hizo. Ni dunia, — Askofu alisema. — Watakatifu wakubwa wote wanashika dunia.

— Eufranio alikuwa mchunga mbuzi! Dunia kaipata wapi?

— Ndiyo maana walimficha huku milimani. Alijua ni duara kabla ya wasomi, Roma wakaona aibu.

Mwajentina alivuta kofia nyuma. Alikuwa akingoja zamu yake tangu kahawa ya kwanza.

— Ni kiazi.

— We naye!

— Kiazi, nasema. Mwaka wa njaa mama yangu alimwomba chakula, kesho yake tukachimba viazi.

— Kiazi zama hizo kilikuwa bado Amerika, bwana! — Askofu alisema.

— Basi alikwenda akakichukua. Kule nimeona mlima una sura yake, ndevu na kila kitu. Unadhani umejichonga wenyewe?

— Na mbuzi alipanda meli? — Redio aliuliza.

— Mbuzi alibaki. Mwangalie, kanuna.

Redio alicheka mpaka kikombe kikamwagika, Canio akakiinua kitabu juu kukiokoa. Alicheka na yeye, kisha kicheko kikamkauka. Marehemu baba yake aliwahi kuutengeneza mguu wa sanamu hiyo, na watu wanamsifu mpaka leo. Yeye je? Akichonga kiazi kumbe lilikuwa jiwe, si mji mzima utakuwa unamwomba mtakatifu kitu asichokuwa nacho? Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

— Fundi, chonga duara tu, — Askofu alimshauri. — Kila mtu ataona lake.

— Nidanganye kanisani?

Ndipo akatoka Rodica na sinia la kahawa. Ni mama wa Moldova, ana wiki moja tu ya kazi kwa Assunta, na benchi lilikuwa bado halijampa jina la utani. Aliweka vikombe, akainamia picha, akalitazama lile doa kwa muda.

— Wazee, hapa ndipo mnapobusu?

— Hapo hapo, dada, — Redio alisema kwa fahari. — Tangu tungali tunabebwa.

— Sasa mlikuwa mnabusu nini?

Redio akaanza kufuta kahawa aliyoimwaga. Askofu alikoroga kahawa ambayo hajatia sukari. Mwajentina akajifanya anatazama barabara.

Canio alijirudisha kwa mawazo kwenye ile foleni ya utotoni. Alikumbuka harufu ya mshumaa, karatasi ya baridi mdomoni, kiganja cha mama yake kikimsukuma kisogoni. Alitafuta mkono wa mtakatifu, hakuuona.

— Mimi nilikuwa nafumba macho, — alisema.

— Hata mimi, — Assunta alijibu kutoka mlangoni.

Wengine wakatazamana, na kila mmoja akajua mwenzake naye alifumba. Aibu ilimshika Canio, lakini ule uzito wa usiku kucha ukampungua. Alikifunga kitabu, akasimama.

— Unakwenda kuchonga nini? — Askofu aliuliza.

— Sichongi kitu. Nakwenda kumpaka rangi kiganja. Jumapili atatoka mkono mtupu, bila riboni.

— Na watu wakiuliza alishika nini?

— Acha waulize, — Canio alisema. — Itakuwa mara ya kwanza.