Koplo Mulei Kaloki na Sahihi Iliyokosekana

Mchungaji, waombolezaji, majirani wa Mwiki na nyinyi mliotoka Witeithie, haya ni maisha ya ndugu yetu, yanasomwa na mdogo wake, Mutisya, na sauti ikipanda mtanisamehe, kwa maana mkuu wa sherehe ameniomba nipunguze makali nami nimekataa.

Marehemu Koplo Mulei Kaloki alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Ngoliba, mashariki ya Thika, mwana wa mzee Kaloki Muli na mama Mwongeli, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akamaliza sekondari mjini Thika mwaka wa 1997, akafanya kibarua kwenye mashamba ya mananasi, hadi Aprili 1999 alipoandikwa jeshini, na siku hiyo mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na Kaveke katika kanisa la Witeithie, Mungu akawajalia Dianah na Nzau, na Jumapili ni yeye aliyepika chapati, ngumu ajabu, na ole wako useme ni ngumu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tarehe 9 Oktoba 2013, ng'ambo ya mpaka, Luteni Eddie Waweru aliamuru lori liache barabara iliyokaguliwa mabomu ili wafike mapema, lori likakanyaga bomu likawaka moto, adui wakaanza kufyatua risasi kutoka vichakani, na Mulei, aliyekuwa ametupwa nje akiwa mzima, akaurudia moto ule mara tatu, akamtoa askari mwenzake Odhiambo, akamtoa Kyengo, na wa mwisho akambeba mgongoni luteni mwenyewe.

Sheria ya nishani ya ushujaa si ngumu kuelewa: kitendo kifanywe mbele ya adui, kipite wajibu wa kawaida wa askari, kithibitishwe kwa kiapo na mashahidi wawili, kisha afisa aliyeongoza kikosi atie sahihi ya kupendekeza kabla miaka mitano haijaisha, wala askari haruhusiwi kujiombea. Adui walikuwepo, Odhiambo na Kyengo waliapa, lakini luteni akasema hawezi kupendekeza kitu asichokiona, kwa kuwa alikuwa amezirai. Amezirai! Odhiambo, aliyeketi pale karibu na jeneza, anasema bwana huyo alimng'ang'ania Mulei shingoni akimsihi asimwache, na mtu aliyezirai hamsihi mtu. Tunajua kilichomziba mdomo, maana angeeleza aliyoyafanya Mulei ingebidi aeleze pia ni nani aliyelitoa lori barabarani. Miaka mitano ikaisha, mlango ukafungwa, mwenye kosa akapandishwa cheo.

Mulei alistaafu mwaka wa 2019, akawa mlinzi wa lango la kiwanda kimoja hapa Thika, mapafu yaliyokula moshi yakaanza kumsumbua mwaka wa 2022, akalazwa Januari mwaka huu, na tarehe 3 Februari 2025 akaaga dunia, Kaveke akiwa amemshika mkono. Hakutaka makuu, alitaka tu Dianah na Nzau wasikie siku moja kisa hicho kikisemwa hadharani na afisa aliyekuwepo, na hilo pia alinyimwa.

Jeneza la askari huwekewa mto mdogo mwekundu wa kupangia nishani zake. Kaveke aliwaambia walioleta mto huo kwamba hizo za utumishi wa kawaida wamkabidhi yeye baadaye, leo uwekwe mtupu, na ndivyo mnavyouona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania pumzi yake, majirani wa Mwiki waliotupikia wiki nzima, wenzake wa langoni, na Odhiambo na Kyengo ambao hawakubadilisha neno hata walipotishwa. Nawe Meja mstaafu Waweru, uliyefika kutoka Ruiru mjini ukakalishwa kiti cha mbele, tumeona kwenye programu umepewa nafasi ya kumwita marehemu shujaa, na neno hilo leo hatulihitaji kutoka kwako. Kipaza sauti nakiacha juu ya mto huu, rambirambi zako kaa nazo, tuambie tu ulichokiona ukiwa mgongoni mwake, watoto wake wanasikiliza.

Kaka Mulei, wewe pumzika kwa amani, sisi tumekaa hapa tunamngoja meja ainuke.