Karanga Nyekundu za Marehemu Eliaichi wa Suji

Nani kati yenu, ndugu waombolezaji, amemwachisha mtoto ziwa mwaka huu kwa uji wenye mafuta ya karanga nyekundu? Nyamazeni tu, jibu limelala ndani ya sanduku hili.

Mimi ni Aminiel, mtoto wa mdogo wake, nimetumwa na ukoo. Mama yetu mkubwa Eliaichi alizaliwa hapa Suji tarehe 9 Machi 1908, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaachishwa mwaka 1921 ili alime, kaka zake wasome, yeye akalima, wao wakafeli. Tarehe 17 Juni 1926 alifunga ndoa na Filemoni, seremala, aliyemtangulia mwaka 1944, wakajaliwa watoto watano, watatu mnawaona hapa mbele.

Kazi yake ilikuwa kukamua mafuta, akisaga, akikanda kwa maji moto, karanga nyeupe kubwa akiziacha za kutafuna, nyekundu ndogo akizitunza kwa ajili ya wazazi waliotoka kujifungua na watoto wanaoachishwa ziwa.

Mwezi Agosti 1951 Bwana Shamba alipanda kutoka Same akaomba mbegu, ili mafuta ya kila aina yapimwe. Kwetu mbegu ikiombwa hurudi baada ya mavuno, tena na nyongeza, kwa hiyo mama akapita nyumba kwa nyumba akisema toeni vibuyu vyote vya mbegu, tusijiaibishe kwa mgeni. Aprili 1952 tukasomewa barazani kwamba nyekundu ina mafuta mengi zaidi, yanajenga mwili, hayachachi upesi, very good, kisha tukaamriwa kupanda nyeupe tu, kwa kuwa ndizo zenye uzito sokoni. Mama alipodai mbegu akajibiwa, "Nuts are nuts, Mama." Akamwuliza, "Kama ni zile zile, si unipe zangu?"

Mvua ikakatika, nyeupe zikakauka na maua yake. Kisimani wanawake wakamwita Mke wa Bwana Shamba, mwanzoni alicheka nao, baadaye akaacha kwenda. Chakula chake akawapa wajukuu, miguu ikavimba Julai, akafariki tarehe 28 Septemba 1953, alasiri, hospitalini Same.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakamuaji wenzake, na majirani, hasa ninyi mliomsema kisimani na jana mkambeba mlima mzima bila kupumzika, yeye angewasamehe, mimi bado.

Mama mkubwa, lala, umechoka.

Na wewe Bwana Shamba, uliyeketi kwenye kiti tulichokupa sisi, nilipokuja kwako na diploma yangu ya kilimo uliniambia no vacancy, sawa, lakini ghalani niliona gunia limeandikwa Suji Red. Lipandishe huku kabla ya vuli, lote, pamoja na nyongeza.