Malengelenge Yangu, Virusi vya Nafula

Watu wa Mungu, nawasalimu kwa jina la Yesu, Mwokozi anayenipa ujasiri wa kusema mambo haya huku mama mkwe wangu akiwa ameketi pale mbele. Mke wangu Nafula amenipa ruhusa. Asubuhi aliniambia, "Sema yote. Ukisema nusu, watu watajijazia wenyewe."

Mimi ni fundi wa mawe, nimejenga nyumba nyingi hapa Kiplombe. Kabla sijamwoa Nafula nilianza kupata malengelenge sehemu za siri. Yanawasha, yanapasuka, yanakuwa vidonda, kisha yanakauka yenyewe. Nikidhani nimepona, yanarudi, hasa nikichoka sana na kazi. Niliona haya kwenda hospitali. Nilinunua mafuta ya kupaka sokoni, nikaomba, nikanyamaza. Ndugu zangu, mwanaume anaweza kubeba mawe kutwa nzima na ashindwe kufungua mdomo kuhusu kidonda kidogo kama punje ya mahindi.

Nafula alikuwa mjane. Tulipendana, tukafunga ndoa bila kupimwa. Aliposhika mimba alienda kliniki ya wajawazito, na huko wakampata na virusi vya Ukimwi. Alinifuata mjengoni, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya. Akasimama kando ya rundo la mchanga, akaniambia bila kulia, "Nimepatikana na virusi. Dawa nimepewa, naanza leo. Nenda nawe upimwe. Na ukitaka kuniacha, sitakushika shati."

Niliacha kazi, tukaenda pamoja. Njiani nilikuwa nimeshajihesabu kuwa ninavyo. Lakini kipimo kilionyesha sina.

Kaka yangu mkubwa aliposikia, alikuja kutoka Burnt Forest anakolima viazi. Hakukaa hata kunywa chai. "Mungu amekuokoa," akasema. "Toka kwa huyo mwanamke kabla nawe hujaambukizwa." Namheshimu kaka yangu, yeye ndiye aliyenilea. Lakini Nafula alikuwa mke wangu, na tumboni mwake alikuwemo mtoto wangu.

Wiki hiyo hiyo vidonda vikarudi. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Nilirudi kliniki, nikamwambia nesi, mama mmoja wa makamo, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

"Asante kwa kusema, baba," akaniambia. "Malengelenge hayo huletwa na virusi pia, ila si vile vya Ukimwi. Haviondoki mwilini, hulala na kuamka. Kidonda kikifunguka, virusi vya Ukimwi hupata njia rahisi ya kuingia. Hata ngozi ikionekana safi, hatari yako bado iko juu kuliko ya mtu asiye na malengelenge."

"Basi kaka yangu amesema kweli. Nimwache?"

"Nimesema utibiwe," akajibu. "Sijasema uachane na mtu."

Akanipa dawa ya malengelenge, akanionya kwamba inakausha vidonda lakini peke yake hainikingi na Ukimwi. Kwa hiyo akaniongezea vidonge vya PrEP, vya kumkinga asiye na virusi vya Ukimwi, vya kumeza kila siku, na kondomu. Tena akaniambia nikisikia mwasho tu, nisimkaribie mke wangu kabisa, kwa sababu naweza kumwambukiza malengelenge akiwa mjamzito, na mtoto akadhurika. Jioni nilimweleza Nafula kila kitu. Alicheka kidogo, akasema, "Kumbe sote tulikuwa na hofu zetu." Tuliomba tukiwa tumeshikana mikono, kila mmoja akameza dawa yake.

Ndugu zangu, mtoto wetu alizaliwa salama, na vipimo vyake vyote vimeonyesha hana virusi. Mimi napimwa mara kwa mara, na bado sina. Nafula amemeza dawa bila kuruka, hadi virusi vimepungua kiasi kwamba mashine haivioni tena. Daktari anasema akiendelea hivyo hawezi kuniambukiza. Kaka yangu alikuja tena, safari hii akanywa chai. Alimpakata mtoto muda mrefu, kisha akamwita kwa jina la marehemu baba yetu.

Nilimwomba Mungu aniondolee malengelenge. Bado hurudi mara moja moja, sitawadanganya. Lakini ile aibu iliyokuwa imenifunga mdomo ameikata, na kwa mdomo huo nimepata matibabu, nikabaki na mke na mtoto. Namrudishia utukufu.

Kama uko hapa na una kidonda unachokificha, mwamini Mungu, na uende hospitali ungali na nguvu. Ukiogopa kwenda peke yako, nitafute mjengoni siku yoyote ya kazi. Nitanawa saruji mikononi, twende wote.