Mzee Chaji Anakiacha Chumba cha Baridi

Mwisho wa mwezi huu Mzee Chaji anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ghala letu, karibu yote akiwa mtunza betri. Aliombwa achague wa kumwandikia wasifu, akanichagua mimi, mpakiaji niliyeishia darasa la saba. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Wengine watanisifu tu, bwana. Wewe una wivu, utaandika." Kweli ninao, wala si mimi peke yangu.

Wasiofika sana upande wetu waelewe jambo moja. Tunahifadhi betri za kuchaji, za taa, redio na mashine za mafundi, na zinaweza kukaa rafuni miezi mingi kabla mteja hajaziagiza. Betri hata ikikaa bure inapoteza chaji polepole, na kwenye joto inapoteza upesi. Ndiyo maana chumba cha betri ni chumba pekee chenye kiyoyozi. Sisi tunabeba makreti chini ya mabati mpaka shati linagandana na mgongo. Betri zinapulizwa ubaridi kutwa nzima, na Mzee Chaji yuko katikati yake, amevaa sweta. Sweta! Unavuka uwanja jasho limefika kwenye soksi, unamkuta mwenzako anapiga chafya.

Alianza upakiaji kama sisi. Enzi hizo betri zilikuwa zinaisha zenyewe rafuni, na wateja walizirudisha pamoja na matusi. Yeye akaomba mita, akawa anazipima moja moja, za zamani anazitanguliza kutoka, zilizolegea anazichaji upya. Alizihamisha zote kutoka ukuta unaopigwa na jua. Matusi yakapungua, naye akapewa chumba. Tangu hapo hakuacha kujisifu, na kibaya zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Zilipokuja betri za lithiamu, mtu mmoja wa upakiaji aligundua kwamba zilizo rafuni zina chaji nusu tu. Habari ikaenea kwamba Mzee anakula chaji ya kampuni, anachajia simu za ukoo mzima. Malalamiko yakapelekwa juu. Msimamizi akaja na uso wa kufukuza mtu. Mzee akamweleza kwamba hizi za kisasa ukizijaza pomoni ukaziacha muda mrefu, zinazeeka kabla hazijatumika. Zinataka nusu na ubaridi. Akaongeza kwamba ubaridi wenyewe hautoshi. Wiki iliyofuata akaletewa kiyoyozi cha pili. Upakiaji tulimeza aibu yetu, na hatukupata hata feni.

Tangu mgongo uanze kuniuma nimekitaka chumba kile. Msimamizi aliposema kwamba mrithi atapendekezwa na Mzee mwenyewe, kila mpakiaji akageuka kuwa mwanawe wa kumzaa. Huyu anambebea mfuko, yule anacheka vichekesho vyake vilivyochakaa. Mimi nilicheka kuliko wote.

Akampendekeza Shangazi, mama wa usafi. Wakati anapiga deki, Shangazi alikuwa akimuuliza kwa nini safu hii inakaa hapa na ile pale, na siku moja aliiona betri iliyovimba kabla mwenyewe hajaiona. Nililalamika mbele ya watu. Mzee akanijibu palepale, "Wewe unapenda baridi, hupendi betri." Walicheka mpaka madereva.

Juzi nilimkuta anakunja masweta yake. Akaniambia nikae, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mpakiaji.

"Mdogo wangu, mimi nilikuja hapa nikikusudia miaka miwili tu. Ningebaki kwenye makreti ningechoka, nikarudi nyumbani mapema. Chumba hiki kilinistarehesha, nikakaa. Wanangu nimewalea kwa simu. Baridi haizuii chaji kuisha, inaichelewesha tu. Wewe bado unaweza kuchoka ukaenda zako. Mimi ndiye ninayekuonea wivu."

Sikukubali, na hadi naandika hapa sijakubali. Ni rahisi kuwa na maneno kama hayo ukiwa umekalia kiti chenye mto. Lakini nilimshikia begi akafunga zipu.

Mzee Chaji, ghala lote linakushukuru. Hakuna taa yetu iliyomzimikia mteja mkononi kwa uzembe wako, na hilo hata upakiaji tunalikubali, ingawa kwa shingo upande. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi kuliko uliyotupa sisi. Mkeo na wanao wamekungoja sana. Nenda ukakae nao mpaka wakuchoke.