Bi Nyuzi na Neno Lililopigwa Marufuku Jikoni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Nyuzi anavua aproni yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika hoteli yetu. Mimi mtunza stoo nimepewa heshima ya kumwandikia wasifu huu, nadhani kwa sababu hakuna aliyegombezwa naye zaidi kuliko mimi. Kuku mbichi akikaa juu ya kabichi kwenye friji yangu, hata kwa bahati mbaya, Bi Nyuzi alijua kabla sijafika kazini.

Jina lake lina kisa. Ukimwambia chakula ni cha moto, anauliza nyuzi ngapi. Ukimwambia ni cha baridi, anauliza vilevile nyuzi ngapi. Mhudumu mmoja mgeni aliposikia jina hilo alidhani ni mshonaji wa hoteli, akampelekea aproni iliyochanika mfuko. Bi Nyuzi aliipokea, akaenda nayo kwa mumewe, ambaye kweli ni fundi cherehani, na kesho yake ikarudi imeshonwa vizuri pamoja na somo zima la kunawa mikono. Mumewe hupenda kusema kwamba nyumbani kwao kuna nyuzi za aina mbili, zake za sindano na za mkewe za kipimajoto, na kwamba za mkewe ndizo zinazotawala.

Alianza kama mhudumu wa mezani, kisha akahamia jikoni kwenye meza ya saladi. Huko ndiko lilikomkuta tukio ambalo wakongwe wa hoteli hii hawajalisahau. Asubuhi hiyo ilipikwa sufuria kubwa ya mchuzi kwa ajili ya wageni wa mkutano wa siku iliyofuata. Mpishi mkuu wa wakati ule, akipita mbiombio, aliuliza mchuzi vipi. Mpishi msaidizi, macho yakimtoka machozi ya vitunguu, akajibu: poa. Alimaanisha mambo ni shwari. Mkubwa wake akaelewa kwamba mchuzi umekwisha kupoa, akaamuru sufuria isukumwe kwenye friji kama ilivyo, na mfuniko wake. Katikati mchuzi ulibaki vuguvugu kwa saa nyingi, kesho yake ukapashwa nusunusu, ukaandaliwa. Mchana ule mkutano mzima ulihamia msalani.

Tunamshukuru Mungu, wote walipona. Lakini mabwana afya walilifunga jiko kwa kufuli, nasi tukarudi nyumbani bila kujua kama tuna kazi. Sharti la kufunguliwa lilikuwa kila zamu iwe na msimamizi aliyesomea usalama wa chakula na kufaulu mtihani. Uongozi ulipouliza nani atatangulia kusoma, wengi wetu ghafla tulipata hamu ya kutazama viatu vyetu. Bi Nyuzi akanyoosha mkono. Alirudi na cheti, kipimajoto kikining'inia shingoni, na amri moja ambayo haijatenguliwa hadi leo: ndani ya jiko, neno “poa” ni marufuku.

Wengi walitaka yule mpishi msaidizi afukuzwe. Bi Nyuzi alikataa katakata. Alisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jiko linahitaji mtu wa kushtuka. Akamfanya mwanafunzi wake wa kwanza. Sisi, kwa utani wetu, tulimbatiza Poa, ila kwa kuwa jina hilo haliruhusiwi kuvuka mlango wa jiko, akiwa ndani anaitwa Fulani.

Darasa lililoanzia kwenye chumba cha kubadilishia nguo leo linapokea wapishi, wahudumu na waosha vyombo kutoka migahawa ya mji mzima. Somo lake maarufu ni la manjano. Humpaka mwanafunzi mmoja manjano kiganjani asubuhi na kumwambia ajifanye ameshika kuku mbichi. Ifikapo saa ya chai, manjano yako kwenye kitasa, kwenye vikombe, na mwaka mmoja yalionekana puani mwa meneja. Kuhusu viporo msimamo wake unajulikana: kiporo si dhambi, dhambi ni kukipasha nusunusu.

Mwaka huu furaha ya kustaafu iliingia mdudu. Idara ya afya ilieleza kwamba kibali cha darasa ni cha Bi Nyuzi binafsi. Ili darasa liendelee, jiko likaguliwe yeye akiwa hayumo, chini ya msimamizi aliyefundishwa naye. Likishindwa, darasa lifungwe siku anayoondoka. Bi Nyuzi akamteua Fulani, na watu wakaguna.

Siku ya ukaguzi alikuja kujificha stoo kwangu. Kwa wasiwasi alipanga upya makopo yangu yote, yaliyotangulia kuingia yakakaa mbele. Huko jikoni, bwana afya, mtu mzima asiyejua kucheka, alipekua kila kona, kisha akasimama mbele ya friji na kuuliza, kama mtu apigaye soga tu, mchuzi vipi.

Jiko zima liliacha kupumua. Fulani alichomoa kipimajoto, akakifuta, akakichomeka katikati ya trei, akangoja namba itulie. Ndipo akasema ni nyuzi nne, na kwamba mchuzi uligawanywa kwenye trei ndogo mara tu ulipoepuliwa ili upoe upesi. Tulifaulu kwa alama za juu kabisa, na kibali sasa kina jina la Fulani. Habari ilipofika stoo, Bi Nyuzi alilia waziwazi, akiegemea magunia yangu ya mchele. Kisha akauliza kama kipimajoto kilifutwa kwanza.

Bi Nyuzi, asante kwa kulirudisha jiko letu, na kwa kutumbua macho pale tulipotaka kufumba yetu. Nenda kapumzike na fundi wako, afya iwe tele, na wajukuu wakusamehe unapopima uji wao. Tulikuomba ruhusa moja ya mwisho, nawe baada ya kununa kidogo ukaitoa. Kwa hiyo Ijumaa, Fulani atasimama katikati ya jiko na kusema kwa niaba yetu sote: Bi Nyuzi, kazi yako poa.