Fundi Sikio: Kutoka Mizani Hadi Triga za Umeme

Ndugu zetu, majirani, wanachama wa klabu ya shabaha na nyote mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza mzee wetu, familia imemtuma mtoto wa kwanza wa marehemu asome habari za baba yake, na imemwonya asimpambe kwa sifa ambazo mwenyewe angezikataa, kwa kuwa wengi wenu mlimfahamu vizuri na msomaji akiongeza chumvi mtamkamata papo hapo.

Marehemu, ambaye karibu kila mtu alimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yake akiwa fundi cherehani na mama yake mkunga. Shangazi yetu, ambaye tunaye hapa, husimulia kwamba kaka yake alichelewa kusema hadi watu wakaingiwa na wasiwasi, na alipofungua kinywa hakuita mama wala baba, aliiga mlio wa cherehani, na shangazi naye akifika hapo huuiga mlio huo kwa ufundi kuliko cherehani yenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1965, akiwa si wa kwanza wala wa mkiani, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1966 na kutunukiwa cheti cha umakanika mwezi Novemba 1968. Februari 1969 aliajiriwa katika karakana ya mizani iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, akirekebisha mizani za sonara na za maduka ya dawa, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu alikuwa akiinamisha kichwa na kuisikiliza mizani kama daktari anavyosikiliza kifua, wateja wakicheka, naye akiwaambia wanyamaze kwanza, watacheka baadaye.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa karani wa posta, na mama ametuagiza tuseme mbele yenu kwamba mizani ya posta aliyokuwa akitumwa kuipeleka karakana haikuwa na ubovu wowote, ila kila alipokwenda kuichukua aliambiwa airudishe wiki ijayo ikaguliwe, mpaka mkuu wake akauliza kama hiyo ni mizani au mgonjwa wa kliniki. Walijaliwa watoto watatu, msomaji huyu, mdogo wake ambaye ni dereva wa malori, na kitinda mimba wetu, binti pekee, ambaye ndiye mlengaji shabaha mnayemfahamu.

Mwezi Juni 1988 marehemu aliajiriwa na klabu ya shabaha kuwa fundi wa bastola za upepo, zile za mashindano, zinazosukuma kirisasi kidogo kwa hewa iliyoshindiliwa hadi kwenye karatasi iliyo umbali wa mita kumi, akapewa chumba chembamba nyuma ya ukumbi wa kulengea, chenye benchi refu na dirisha linalotazama ukuta. Kazi yake kubwa ilikuwa triga, yaani kifyatulio kinachobanwa kwa kidole, kwa sababu mlengaji hukizoesha kidole chake uzito mmoja tu, na triga ikichelewa au ikiwahi hata kidogo, jasho lake lote limekwenda na maji. Hakumrudishia mtu bastola siku ileile aliyoimaliza, alining'iniza jiwe la mizani la nusu kilo kwenye triga, akafumba macho na kusikiliza, akailaza, na asubuhi akarudia kabla hajagusa chai, na waliokuja wakidai wana haraka aliwapa kiti, kiti chenyewe kikiwa kibovu makusudi.

Mwaka 2014 zilipoingia klabuni bastola zenye triga za umeme, ambazo kidole hakivuti kulabu ya chuma, bali huamsha saketi na betri ikafyatua, marehemu alizipokea kwa mkono wa kushoto. Alikiri kwamba ni laini na nyepesi kujibu, lakini alisema triga ya chuma ikitaka kugoma huanza kunung'unika mapema, ya umeme inakukatia simu tu, na maneno hayo yakawa wimbo wa klabu, hata wasiojua betri inakaa wapi wakawa wanayaimba. Binti yake alipokabidhiwa moja mwaka 2017 na kuipenda, mzee alinuna wiki nzima, kisha akasema kama ni lazima, basi ataihudumia yeye na si mtu mwingine.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya ndugu walishauri tupite haraka, na familia imekataa. Tarehe 19 Oktoba 2019, katika fainali ya ubingwa, binti yake akiwa anaongoza, aliinua bastola, akabana triga, na hakukutokea kitu. Alinyoosha mkono, mwamuzi akaja, akaijaribu, mara ikafyatuka, mara ikagoma, ikabidi binti apewe bastola ya akiba ambayo kidole chake hakikuijua, akateremka kutoka wa kwanza hadi wa nane, nao walikuwa wanane. Ukumbini watu walimpongeza marehemu kwa kuona mbali, mwenyekiti akasimama kupendekeza triga za umeme zipigwe marufuku klabuni, na wakala aliyeziuza akabaki kaegemea ukuta, shati limelowa, hana pa kutokea.

Marehemu aliiomba ile bastola, akaifungua juu ya meza ya waamuzi, akainama, safari hii kutazama na si kusikiliza, akatoa kitambaa kikavu na kufuta kijicho cha kioo kinachohisi triga ikisogea, akaifunga, nayo ikafyatuka kila alipoigusa. Kijicho kilikuwa na ukungu wa mafuta. Jana yake, kwa mapenzi ya mzazi na mazoea ya mkono uliolea vyuma maisha yake yote, alikuwa ametia tone moja la mafuta pale ambapo triga ya chuma hutiwa, na tone likatambaa usiku kucha. Angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angejua, sifa zilikuwa zake na lawama zilikuwa zimeshapata mwenyewe, lakini alisimama akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Triga haina kosa, na huyu wakala hana kosa, fainali ya mwanangu nimeiharibu mimi kwa mkono wangu."

Sisi watoto wake tumemwona baba yetu katika siku nyingi nzuri, lakini siku tuliyojivunia zaidi kuitwa watoto wake ni hiyo.

Lakini ukweli una gharama yake, na aliilipa nyumbani. Binti yake hakumgombeza, hakuacha kuja, alileta matunda, alipika, alimtania baba yake kama zamani, ila bastola aliipeleka kwa wakala, na mkoba wake, alipokuja nao nyumbani, ulikaa mlangoni umefungwa. Marehemu hakulalamika hata siku moja. Mwezi Januari 2020, akiwa na miaka karibu sitini na tisa, alikwenda mwenyewe kwa wakala kuomba afundishwe, akajifunza saketi na betri akiwa na miwani miwili puani, na chupa ya mafuta akaihamishia dirishani, upande wa pili wa chumba, ili mkono usiifikie kabla miguu haijafikiri. Baada ya hapo akawa mtetezi mkubwa wa triga za umeme, na mtu akija kushtaki kwamba yake imegoma, swali la kwanza lilikuwa, "Uliichaji?" na mara nyingi kesi iliishia hapo.

Mwezi Mei 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa na kupata nafuu, akarudi benchini kwa nusu siku, kisha kuanzia Desemba 2023 hakuweza tena kutoka nyumbani. Jioni ya tarehe 3 Machi 2024, binti yake, akiwa anajiandaa kwa fainali nyingine ya ubingwa, aliingia chumbani na ule mkoba, akaufungua kitandani, akasema, "Baba, niangalizie." Mzee aliomba miwani, akaifungua bastola, akafuta kwa kitambaa kikavu, akakaza waya mmoja uliokuwa umeanza kulegea, akaning'iniza jiwe lake la nusu kilo na kufumba macho, na mama anasema tangu augue hakumwona na uso ule.

Binti aliondoka na bastola tarehe 7 Machi. Hali ya marehemu ilibadilika kesho yake mchana, akapelekwa hospitali, na Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa moja na robo asubuhi, akaaga dunia, siku chache kabla ya kutimiza miaka sabini na tatu. Fainali ilikuwa mchana wa siku hiyohiyo, na mdogo wetu hakupigiwa simu mpaka alipomaliza kulenga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliobeba viti na kukesha na mama, wanachama wa klabu na mafundi wenzake, na kwa namna ya pekee yule wakala, aliyekuja kila Jumapili kumsomea mzee maelezo ya mitambo mipya, na kubishana naye hadi mama alipomtoa nje.

Limebaki jambo moja. Mdogo wetu, ulirudi na nafasi ya pili, ukatueleza kwamba triga ilikujibu kila ulipoigusa, kisha ukatuuliza ni nani aliyeamua usiambiwe, na tangu hapo hujatusemesha sawasawa, nasi hatukuona vema kukujibu kwenye korido. Aliyeamua ni yeye. Alituita mama na sisi kaka zako siku ile ya Ijumaa kabla ya gari kuja, akasema, "Hata nikiondoka, asiambiwe mpaka amalize, nimeshamharibia fainali moja, sitamharibia ya pili." Tulimwahidi, mdogo wetu, huku tukilia, nawe ukitaka kutukasirikia tukasirikie sisi, yeye mwache apumzike.

Baba, kazi umeikabidhi na mwenyewe ameipokea, pumzika kwa amani.